Carver: Mwalimu Aliyepeleka Shule Shambani

Mwaka huu nimechagua kuwasimulia maisha ya George Washington Carver wa Marekani. Najua wapo watakaosema, ah, si yule wa siagi ya njugu! Hebu tulieni kidogo. Siagi ya njugu ilikuwapo kabla yake, na kumkumbuka kwa hiyo tu, kwa maoni yangu, ni kumpunja.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri yapata mwaka wa 1864. Angali mchanga, majambazi walimteka yeye na mamake, Mary. Mtoto akapatikana, bwana wao akamkomboa kwa farasi. Mama hakuonekana tena. George alikua akifua nguo za watu ili asome. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika wakaona ni mweusi, wakamfungia mlango. Mwaka wa 1894 alipata digrii ya kilimo kule Iowa, na ya pili 1896.

Mwaka uo huo Booker T. Washington akamwita Tuskegee, Alabama, afundishe kilimo. Lo! Maabara ilikuwa tupu. Yeye na wanafunzi wake wakaokota chupa na makopo jaani, wakaunda vyombo vyao. Shamba la majaribio nalo lilikuwa limechoka, maana huko watu walipanda pamba kila mwaka, pamba tu. Wakulima weusi wengi walilima ardhi ya wenyewe na kulipa kwa sehemu ya mavuno. Mbolea ya dukani wangeinunua na nini?

Carver akatumia vya bure: majani ya msituni na matope ya bwawani, yaoze kisha yatiwe shambani. Halafu akapanda kunde na njugu kwa zamu na pamba. Ndugu zangu wa bayolojia mnajua siri yake: kwenye vifundo vya mizizi ya mimea hiyo mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, udongo ukapata nguvu.

Sasa, mkulima akishavuna njugu, azipeleke wapi? Hapo ndipo matumizi yale mengi yalipoanzia. Mwaka wa 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kupika njugu, kwa lugha ya mama wa jikoni.

Lakini kinachonifurahisha mimi zaidi ni lile gari la 1906. Wakulima hawakuwa na nafasi ya kuja darasani, basi darasa likawafuata! Gari la kukokotwa na wanyama likapakiwa plau, mbegu na vyombo vya maziwa, likazunguka vijijini. Aliyeliendesha, Thomas Campbell, alikuwa mwanafunzi wa Tuskegee.

Umaarufu ulikuja baadaye, alipoongea mbele ya wabunge huko Washington mwaka wa 1921 kuhusu ushuru wa njugu. Hakuoa. Akiba yake aliiachia utafiti wa Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa papo hapo chuoni, karibu na kaburi la Booker T. Washington aliyemwita.