Hayati Denis Burkitt: Mpasuaji wa Jicho Moja Aliyechora Ramani ya Saratani ya Taya

Askari yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku Luzira, kati ya kuta za gereza na gati la Port Bell, anawafahamu vyema mbu wa Ziwa Viktoria. Ufuko huu uko kiasi cha futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni nyingi, na malaria ni adui wa siku zote. Lisilofahamika kwa wengi ni kwamba mambo hayo matatu, yaani mwinuko, mvua na malaria, yaliwahi kuwekwa juu ya ramani moja na daktari aliyepata kuwa mpasuaji wa jeshi, na ramani hiyo ikasaidia kufumbua siri ya ugonjwa uliokuwa ukivimbisha mataya ya watoto na kuwaua katika muda wa miezi michache. Daktari huyo ni hayati Denis Parsons Burkitt, ambaye maisha yake tunapenda kuwasimulia leo ndugu zetu wa majeshi na polisi.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya ile, naye wakati wa mapumziko alipenda kuchunguza maisha ya ndege. Aliwavika pete miguuni na kuandika kila mmoja anakaa wapi, na mpaka wake unaishia wapi. Huenda mwana alirithi tabia hiyo ya kuuliza kitu kiko wapi, kabla ya kuuliza kwa nini kipo. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni, na jicho moja likapotea. Maisha yake yote yaliyofuata, pamoja na kazi yote ya upasuaji, aliyaendesha kwa jicho moja lililobaki.

Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, mwaka 1929, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akafuzu upasuaji mjini Edinburgh. Akiwa Mkristo wa imani thabiti, aliona kwamba wito wake ni kutumikia Afrika, akaomba kazi ya udaktari katika makoloni. Ombi lake likakataliwa kwa sababu ya jicho. Wakubwa waliosoma karatasi zake waliona upungufu, hawakumwona mtu mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1941 alipokelewa katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, akatumika Kenya, Somalia na Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Hapo alijifunza kuwapasua majeruhi kwa vifaa vichache, mbali na hospitali kubwa. Alipopata likizo alifika Uganda, akaipenda. Vita ilipokwisha aliomba tena kazi ya serikali, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, wilaya ya Lango, awe daktari wa watu wengi mno kwa mtu mmoja.

Huko Lira tabia ile ya baba ilijitokeza. Burkitt aliona kwamba wagonjwa wa mabusha aliowapasua walitoka kwa wingi upande wa mashariki wa wilaya, na wachache sana upande wa magharibi. Daktari mwingine angalipasua tu na kusahau. Yeye aliandika mahali alikotoka kila mgonjwa, akachora ramani, na habari hiyo akaitoa katika jarida la madaktari mwaka 1951. Wakati huo alikuwa amekwisha hamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwaka 1948, ambako pamoja na kazi ya kisu alishughulika na utengenezaji wa miguu ya bandia kwa waliokatwa viungo.

Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto yule ulikuwa umeharibika. Taya la juu na la chini, kulia na kushoto, pande zote nne, zilikuwa zimevimba, na meno yamelegea ndani ya ufizi. Burkitt alishindwa kuufahamu ugonjwa ule. Kama ungekuwa usaha wa jino, ungalikuwa upande mmoja. Kama ungekuwa saratani ya kawaida ya mfupa, haikuelekea ianze mahali panne kwa pamoja. Alimpiga picha mtoto, akaandika maelezo, lakini hakuwa na tiba.

Majuma machache baadaye alikwenda Hospitali ya Jinja kwa kazi nyingine. Alipochungulia dirishani aliona nje mtoto mwenye uso wa namna ile ile. Alitoka mbio kwenda kumchunguza, akakuta mataya yamevimba vile vile, na tumboni pia mna uvimbe. Tangu saa ile Burkitt hakutulia. Jambo la ajabu likitokea mara moja huweza kuwa bahati mbaya. Likitokea mara mbili lina chanzo chake, na chanzo hutafutwa.

Aliporudi Mulago alifungua majalada ya wagonjwa wa zamani. Aligundua kwamba watoto waliovimba taya, wengine waliovimba tumbo, na wengine waliotokwa na jicho, ambao walikuwa wakiandikwa kila mmoja kwa ugonjwa wake, walikuwa wana ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alitoa maelezo ya watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Dunia haikushtuka. Ndipo wataalamu wa Makerere waliochunguza vipande vya uvimbe kwa darubini, akina Jack Davies na Gregory O'Conor, walipothibitisha kwamba hii ni saratani ya chembe za tezi, iitwayo limfoma. Majalada ya Hospitali ya Mengo, yaliyoanza kutunzwa na Daktari Albert Cook tangu mwaka 1897, yalionyesha pia kwamba ugonjwa huu haukuwa mgeni. Watoto walikuwa wakifa nao tangu zamani, ila hakuna aliyewahesabu pamoja.

Hapa mpasuaji alikabiliwa na ukweli mchungu. Kisu chake hakikufaa kitu. Huwezi kumwondolea mtoto mataya yote mawili, na hata ukimwondolea, uvimbe mwingine unakua kwenye figo na ini. Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazokua upesi kuliko zote. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Burkitt hakuona haya kukiri kwamba silaha aliyofundishwa haikutosha. Akaamua kumfahamu adui kwanza: anakaa wapi, na hakai wapi?

Msaada wa kwanza wa fedha alioupata kwa uchunguzi ule ulikuwa paundi 25 tu. Kwa fedha kidogo za namna hiyo alichapa karatasi zenye picha za wagonjwa na maswali mafupi, akazipeleka kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, kiasi cha karatasi 1,000. Majibu yalipofika alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zilijipanga zikawa mkanda uliokatisha Afrika ya kati, kiasi cha nyuzi 15 kaskazini ya Ikweta na nyuzi 15 kusini, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki kupitia Msumbiji.

Lakini taarifa ya karatasi si sawa na macho. Tarehe 7 Oktoba, 1961, Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, pamoja na madaktari wawili wa misheni: Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, aliyejua pia kutengeneza gari, na Cliff Nelson kutoka Kanada. Walisafiri kwa muda wa majuma kumi, maili zipatazo 10,000, wakafika hospitali zaidi ya 50, mpaka Afrika Kusini na kurudi. Kila walipofika waliuliza swali moja tu: je, mmewaona watoto wa namna hii? Askari wa upelelezi ataitambua kazi hiyo mara moja. Walikuwa wakitafuta mpaka wa adui.

Mpaka ulipatikana, nao ulikuwa wa ajabu. Ugonjwa ulikoma mahali palipopanda zaidi ya futi 5,000 hivi, mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, na mahali penye mvua isiyofika inchi 20 kwa mwaka. Ndiyo maana watoto wa milima ya Kigezi na wa Rwanda waliugua mara chache sana, na wale wa nchi za tambarare zenye joto na unyevunyevu waliugua zaidi. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alisaidia kuonyesha kwamba mpaka ule ni wa hali ya hewa. Na ramani ya hali ya hewa ile ilifanana na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima.

Kabla ya safari ile, mwezi Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye alitoka mle akiwa na hakika kwamba nyuma ya ugonjwa ule kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwezi Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege moja, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Kumbe zilikuwa chembe hai za uvimbe zinazoelea. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad, walitangaza kwamba wamekiona kirusi hicho. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu.

Sasa inajulikana kwamba karibu watu wazima wote duniani wanacho kirusi hicho, na wengi hakiwadhuru. Lakini mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huelemewa, na chembe zilizoingiwa na kirusi huweza kupotoka zikawa saratani. Ramani ya Burkitt ilikuwa imesema kweli.

Tiba nayo ilipatikana kwa njia ya ukosefu. Uganda haikuwa na mashine za kutibu saratani kwa mionzi, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa mpya za kuua chembe, kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Katika muda wa siku chache nyuso zilizovimba zilirudia umbo lake. Watoto wengine ugonjwa uliwarudia wakafa. Wengine walipona kabisa baada ya dozi chache tu, jambo ambalo siku hizo halikutazamiwa kwa saratani yoyote. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler, Mmarekani, ndiye aliyekianzisha, na alipoondoka wakati wa misukosuko ya miaka ya 1970 Daktari Charles Olweny, Mganda, akashika usukani.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alirudia swali lake la zamani, safari hii kuhusu chakula. Aliona kwamba wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa waliugua mara chache kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, akawahimiza Wazungu wale makapi ya nafaka. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Sisi tunaovaa sare tunajifunza nini? Tunaona kwamba heshima haikuwa ya mtu mmoja. Wauguzi wa Mulago, wataalamu wa darubini wa Makerere, madaktari wa misheni waliojibu karatasi, na zaidi ya wote wazazi waliowaleta watoto wao hospitali, wote walishiriki. Jina la Burkitt limebaki juu ya ugonjwa. Majina ya watoto hayafahamiki kwa wengi.

Basi tuwakumbuke kwa vitendo. Wengi wetu tunaishi na familia katika kambi na makazi yaliyo chini ya futi 5,000, ndani ya mkanda ule ule wa pini. Mtoto alale ndani ya chandarua, na homa yake ipimwe na kutibiwa mapema. Na ikiwa taya lake limevimba, au meno yamelegea kabla ya wakati wake, au jicho limesukumwa nje, asikae nyumbani akisubiriwa jino litoke, wala asipelekwe kung'olewa meno na mtu asiyejua. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu unatibika, lakini haumngojei baba amalize zamu.