Livingstone na nyumba za Kabambare

David Livingstone tunamujua wote tangu masomo. Alizaliwa mwaka 1813 kule Scotland, mutoto wa watu maskini. Ku miaka 10 alikuwa tayari anatumika mu kiwanda cha pamba. Nyuma akakuwa munganga na musafiri.

Mu Septemba 1869 alifika Kabambare, yeye aliandika Bambarre. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimufunga pale muda mrefu, hawezi kutembea. Nyumba za wazee wetu ndizo zilimuchunga na mvua. Na aliangalia muzuri vile walijenga: njia za mugini zinatoka mashariki kwenda magharibi, jua lipite yote na kukausha matope upesi, kuta za udongo wa kupigwa sana, mbele ya mulango baraza kidogo, jamaa inaota moto asubuhi.

Alikufa mu Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, ndani ya kibanda wenzake walimujengea mbiombio.

Leo sisi ku shantie tunafunga bashi fasi yoyote, maji inaingia, watoto wanalala mu baridi. Mbele ya kusimamisha miti, tuangalie kwanza jua linapita wapi. Udongo uko, na wazee walishatuonyesha.