Maisha ya Jimmy Blanton, Mpiga Besi

Mimi huimba sauti ya nne katika kwaya yetu ya shule, yaani besi. Kusema kweli, kwa muda mrefu niliona haya. Wazazi wajapo siku ya sherehe huisifu sauti ya kwanza, na sisi tusimamao nyuma hakuna atuulizaye habari. Muhula huu mwalimu wetu wa kwaya alitukalisha chini akatusikilizisha wimbo wa jazi wa Marekani, akatuambia tusifuate tarumbeta, bali tufuate sauti ya chini kabisa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za mtu aliyeipiga sauti ile, nami napenda kuwaeleza wenzangu maisha yake. Ni maisha mafupi, lakini yana mafunzo.

James Blanton, ambaye watu walimwita Jimmy, alizaliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1918 katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Siku zile, katika majimbo ya kusini, sheria iliwatenga watu weusi na weupe, hata shuleni na ndani ya gari moshi. Mama yake alikuwa mpiga piano aliyeongoza bendi yake mwenyewe, basi mtoto akakua katikati ya muziki. Chombo chake cha kwanza hakikuwa besi, bali fidla. Baadaye akaingia chuo cha watu weusi katika jimbo lao, na huko akaiweka fidla kando akashika besi.

Aliyepata kutazama kikundi cha taarabu cha Unguja huenda amekwisha kuiona besi ya namna hii. Umbo lake ni kama fidla, lakini ni ndefu kuliko mtu, ina nyuzi nne nene, na mpigaji husimama ameikumbatia. Huweza kupigwa kwa upinde, lakini wapigaji wa jazi hupenda zaidi kuzichuna nyuzi kwa vidole.

Wakati wa likizo kijana Blanton alipiga katika bendi ya Fate Marable, iliyowatumbuiza abiria wa meli za mto Mississippi. Kisha akaacha chuo, akahamia mji wa St. Louis, akaingia bendi ya Jeter-Pillars. Hata mwishoni mwa mwaka 1939 bendi ya Duke Ellington ikafika katika mji ule. Ellington alikuwa tayari mtu mashuhuri sana. Baadhi ya wapigaji wake walitoka usiku kwenda kusikiliza muziki wa wenyeji, wakamsikia kijana huyu, wakampelekea kiongozi wao habari. Ellington alipomsikia alimwajiri mara moja, ingawa alikuwa na mpiga besi mwingine. Kwa muda bendi ikawa na besi mbili. Mwezi wa Januari mwaka 1940 yule wa kwanza akaondoka, nafasi ikabaki kwa Blanton peke yake. Umri wake ulikuwa miaka 21.

Je, alifanya nini kipya? Kabla yake kazi ya besi ilikuwa hasa kuhesabu mapigo, moja, mbili, tatu, nne, kama mchi katika kinu. Noti zilikuwa fupi, zikitoka na kufa. Noti za Blanton zililia wazi, zikadumu, kila moja ikashikana na ya pili, hata sauti ya chini ikawa wimbo wenyewe. Tena aliweza kutoka mbele akapiga peke yake kwa wepesi kama mpiga saksafoni. Na pamoja na hayo mapigo hakuyaacha. Wenzake waliendelea kumtegemea kama zamani.

Wimbo aliotusikilizisha mwalimu ni Jack the Bear, uliorekodiwa Chicago tarehe 6 Machi 1940. Mwanzoni bendi husema neno, na besi hujibu. Kisha besi hurudi nyuma kuwabeba wengine. Karibu na mwisho besi hupewa tena nafasi yake, na bendi humngoja. Yote hayo katika muda usiozidi dakika nne, maana upande mmoja wa sahani ya santuri za wakati ule haukuweza kuchukua zaidi. Siku hiyo hiyo walirekodi Ko-Ko, ambamo bendi hunyamaza ghafula na besi huziba pengo. Mimi binafsi napenda zaidi Pitter Panther Patter ya tarehe 1 Oktoba 1940. Humo wamo watu wawili tu, Ellington kwenye piano na Blanton kwenye besi, nao huzungumza kama watu walio sawa. Siku hiyo pia alipiga Body and Soul kwa upinde.

Mwaka 1941 bendi ilikuwa Los Angeles, na huko Blanton akaugua. Madaktari wakaona kuwa ni kifua kikuu. Kabla mwaka haujaisha aliacha kupiga, na bendi ikaendelea na safari bila yeye. Alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua huko California, na tarehe 30 Julai 1942 akafariki, umri wake miaka 23. Dawa ya kwanza iliyoweza kuushinda ugonjwa huo, yaani streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake. Siku hizi kifua kikuu hutibika kwa vidonge, kwa kawaida katika miezi sita. Kwa hiyo, mwenzangu ukikohoa wiki mbili, usione haya, nenda ukapimwe.

Alikuwa na Ellington kwa muda wa miaka miwili hivi tu. Hata hivyo wapiga besi waliomfuata, kama Oscar Pettiford, Charles Mingus na Ray Brown, walishika njia aliyoifungua. Mwaka 1972, miaka 30 baada ya kifo chake, Ellington, ambaye sasa alikuwa mzee, alikaa na Ray Brown wakarekodi santuri nzima kwa kumkumbuka. Humo mna piano na besi tu, kama zamani.

Siku ya sherehe ya kufunga shule kwaya yetu itaimba tena, nami nitasimama mstari wa nyuma. Nawaomba wazazi watakaokuja wasikilize hata sauti ya nne. Nasi tulio ndani yake na tuiimbe vizuri, maana wenzetu wa mbele wanaitegemea.