TUSITALA: MAISHA YA ROBERT LOUIS STEVENSON

Ndugu msomaji, je, umewahi kukisoma kitabu kiitwacho Kisiwa chenye Hazina? Kama bado, hebu waulize wazee wako nyumbani. Huenda ukampata aliyekisoma shuleni, kwa maana Frederick Johnson alikitafsiri kwa Kiswahili tangu zama za ukoloni. Humo ndimo alimo Long John Silver, yule haramia wa mguu mmoja mwenye kasuku begani. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaomjua mtu aliyemwumba haramia huyo? Leo nataka kukusimulia maisha yake.

Robert Louis Stevenson alizaliwa mnamo tarehe 13 Novemba, 1850, mjini Edinburgh, Scotland. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bwana Thomas Stevenson na mkewe Margaret. Ukoo wao ulisifika kwa kazi moja, nayo ni kujenga minara ya taa za kuongozea meli. Babu yake ndiye aliyesimamia ujenzi wa mnara wa Bell Rock, uliojengwa juu ya mwamba unaofunikwa na bahari maji yanapojaa. Taa yake iliwashwa mara ya kwanza mwaka wa 1811, na mabaharia wengi wakaokoka kwa sababu yake.

Louis, kama alivyoitwa nyumbani, hakujaliwa afya. Kifua kilimsumbua tangu utotoni. Usiku alikohoa hadi kukakucha, na siku nyingi wenzake walipokuwa wakicheza nje yeye alikuwa kitandani. Aliyekesha naye ni yaya wake, Alison Cunningham, akimsomea Biblia na kumsimulia visa. Louis hakumsahau. Alipotoa kitabu chake cha mashairi ya watoto mwaka wa 1885, alikitunuku kwa yaya huyo. Mtenda mema hutendewa.

Mwaka wa 1867 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi. Baba yake hakuwa na shaka hata kidogo: babu ni mhandisi, baba ni mhandisi, basi mtoto atakuwa nani tena? Na si kwamba kijana hakuweza. Mwaka wa 1871 aliandika makala kuhusu aina mpya ya taa za minara, nayo ikamtunukia nishani ya fedha. Kumbe moyo wake haukuwa huko! Mwaka huohuo alipiga moyo konde akamwambia baba yake kwamba hataki uhandisi, anataka kuandika. Mzee aliumia, lakini wakapatana kwamba kijana asomee sheria, ili asije akalala njaa. Louis alihitimu kuwa wakili mwaka wa 1875, lakini kesi alizozishughulikia ni chache mno. Kalamu ilikuwa imekwisha kumteka.

Mwaka wa 1876, akiwa Ufaransa, alikutana na Fanny Osbourne, mama wa Kimarekani aliyemzidi umri wa miaka 10, tena aliyekuwa na mume na watoto. Wakapendana. Fanny aliporudi kwao California, Louis alimfuata mwaka wa 1879 bila kuwaaga wazazi. Alisafiri kwa meli pamoja na maskini waliokuwa wakihamia Marekani, kisha akaivuka nchi hiyo kubwa kwa gari la moshi. Alifika akiwa mgonjwa, mfuko mtupu, nusura afe. Baba yake alipopata habari, hasira zilimwisha. Akaahidi kumpa paundi 250 kila mwaka. Damu ni nzito kuliko maji, ati! Baada ya Fanny kuachana na mumewe wa kwanza, walifunga ndoa San Francisco mwezi wa Mei, 1880.

Walirudi Scotland, na mwaka uliofuata wakapanga nyumba huko Braemar. Mvua ilinyesha siku nenda siku rudi. Mtoto wa kambo, Lloyd, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akipaka rangi picha ili kupoteza wakati. Siku moja Louis akachora ramani ya kisiwa ambacho hakipo popote duniani, akaviandikia majina vilima na ghuba zake. Alipokuwa akiitazama, akawaona watu wakitembea humo na mapanga mikononi. Basi akaketi kuandika. Kila siku sura moja, na kila siku akawasomea watu wa nyumbani. Lloyd alitaka hadithi isiyo na wanawake, naye akapata, isipokuwa mama yake Jim. Hata mzee Thomas alinogewa kama mtoto mdogo, akaorodhesha yeye mwenyewe vitu vya kutiwa katika sanduku la haramia Billy Bones. Yule baba aliyekataa uandishi sasa alikuwa akisaidia kuandika!

Baada ya sura 15 hivi, maneno yalimkauka. Aliimalizia hadithi huko Davos, Uswisi, alikokwenda kutafuta hewa nzuri ya mapafu yake. Kwanza ilitoka kidogo kidogo katika gazeti la vijana kati ya 1881 na 1882, bila kutikisa wengi. Lakini ilipotoka kama kitabu mwaka wa 1883, jina lake likavuma. Na yule Silver je? Alimfananisha na rafiki yake mshairi, W. E. Henley, mtu wa miraba minne aliyekatwa mguu kwa ugonjwa. Mwaka wa 1886 vikafuata vitabu viwili, kile cha kijana aliyetekwa nyara, na kile cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde, mtu mmoja mwenye nafsi mbili.

Baba yake alifariki mwaka wa 1887. Louis akaondoka Uingereza na jamaa yake, na mwaka wa 1888 wakakodi jahazi kutoka San Francisco kuelekea visiwa vya Pasifiki. Huko joto lilimpa nguvu. Hatimaye alinunua shamba Vailima, katika kisiwa cha Upolu, Samoa. Wenyeji wakampa jina Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Mwaka wa 1891 hadithi yake moja ilitafsiriwa kwa Kisamoa, wakaisoma kwa lugha yao.

Wakati huo Ujerumani, Uingereza na Marekani zilikuwa ziking'ang'ania Samoa. Mtu aliyebuni maharamia wanaouana kwa ajili ya hazina ya kisiwa, sasa aliona kwa macho yake mataifa yakigombania kisiwa cha watu. Hakunyamaza. Mwaka wa 1892 alitoa kitabu kuwashutumu maafisa wa mataifa hayo, ingawa baadhi yao walikuwa Waingereza wenzake. Machifu waliomfuata Mataafa walipofungwa jela, aliwatembelea na kuwapelekea chakula na tumbaku. Walipofunguliwa mwaka wa 1894, walimjengea barabara hadi nyumbani kwake kwa mikono yao, bila kudai malipo.

Tarehe 3 Desemba, 1894, aliandika asubuhi kama kawaida. Jioni, akimsaidia mkewe kutayarisha chakula, alishika kichwa akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni, si kifua tena kilichomwua. Alikuwa na miaka 44. Wasamoa walifyeka njia hadi kilele cha Mlima Vaea, wakambeba mabegani, wakamzika huko juu akitazama bahari.

Wenzangu, wengi wetu tunasoma masomo tuliyochaguliwa na wazee wetu. Sisemi tuwavunjie heshima. Stevenson mwenyewe alisomea sheria kwanza, na baba yake hakuacha kumpenda. Ninachosema ni kwamba kalamu nayo ni kazi, tena ni kazi ya jasho. Kijana huyu wa kifua kibovu aliifanya hadi siku yake ya mwisho. Babu zake waliwasha taa za mabaharia; yeye alituwashia taa ya aina nyingine. Kitabu hicho ukibahatika kukipata, kisome, kisha mpe mwenzako.