Daktari wa jicho moja na watoto wa taya zilizovimba

Mwezi uliopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Mbale kwenda Kampala. Kiti cha pili alikaa mama anayeuza mitumba mpakani Malaba, amempakata mwanawe wa miaka sita, shavu limefura kama amebugia embe. Alinieleza kuwa kliniki moja ng'ambo ilimng'oa mtoto meno mawili, nyingine upande huu ikampa dawa ya matumbwitumbwi, na uvimbe ukazidi.

Tulipofika Jinja nikamkumbuka Denis Burkitt, maana habari yake iligeukia pale pale.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe lililovunja miwani yake, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Dublin, akauacha akashika udaktari. Baada ya kutumikia jeshi la Uingereza vitani, alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Mulago.

Mwaka 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, kwa kuwa jipu la jino hushika upande mmoja. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto ameketi kwenye nyasi na uso wa namna ile ile. Alitoka nje kumpima. Hakuishia mdomoni, alimpapasa na tumbo, akakuta humo uvimbe mwingine.

Kwangu mimi, kule kupapasa tumbo ndiko kulikofungua mlango. Aliporudi Mulago alipekua kumbukumbu, akagundua kuwa uvimbe wa taya, figo na ini, ambao madaktari waliuhesabu kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa saratani moja. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto 38.

Akataka kujua inakoanzia na inakoishia. Alituma picha kwa mamia ya hospitali barani Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford kuukuu waliyoinunua kwa pauni 250, wakavuka mpaka baada ya mpaka hadi Afrika Kusini, maili 10,000 kwa wiki kumi. Wewe unayepanga foleni Busia unaijua shughuli hiyo. Walikuta saratani hiyo imejaa penye joto na mvua, na ni nadra milimani kwenye baridi. Ramani yake ililingana na ya malaria.

Mwaka huo huo alihutubia London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kilichokutwa ndani yake. Karibu kila mtu hukipata kirusi hicho bila madhara. Malaria inayorudi rudi ndiyo humdhoofisha mtoto hadi kipate nafasi. Burkitt naye alijaribu dawa za kuua saratani, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafahamika zaidi Uingereza kwa kuhimiza vyakula vyenye makapi, akafariki mwaka 1993.

Ndani ya basi nilimwambia yule mama niliyoyajua, ingawa mimi si daktari. Matumbwitumbwi huvimba chini ya sikio na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Jipu la jino hupungua kwa matibabu. Lakini meno ya utoto yakilegea kabla ya wakati, uvimbe ukikua siku hadi siku, jicho likitokeza au tumbo likiwa gumu, mtoto apelekwe hospitali kubwa upesi, asing'olewe jino jingine. Sisi wa mpakani, na waliorudi juzi kutoka kambini, tunapoteza wiki nyingi kwa sababu kila kliniki huanza upya bila kujua ya jana. Kadi za pande zote mbili zifungwe pamoja.

Tuliposhuka Kampala nilimwelekeza Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wa ugonjwa huo. Juzi alinitumia ujumbe. Vipimo vimethibitisha, dawa zimeanza, na shavu limenywea.