Parkinson: Tabibu aliyetambua ugonjwa wa kutetemeka bila kuuona ubongo

MNAMO mwaka 1817, tabibu mmoja wa mtaa wa Hoxton, jijini London, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 kuhusu maradhi ya kutetemeka. Kilisimulia habari za watu sita pekee. Wawili kati yao alikutana nao barabarani akawahoji papo hapo, na mmoja alimtazama kwa mbali tu.

Tabibu huyo, James Parkinson, alizaliwa Aprili 11, 1755, katika mtaa uo huo, ambako babake pia aliganga wagonjwa. Huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote.

Wakati wa uhai wake alijulikana zaidi kwa mambo mengine. Kwa jina la kubuni la Old Hubert, aliandika vijitabu vya kuwatetea maskini na kudai raia wa kawaida wawakilishwe bungeni. Mwaka 1794 alihojiwa mbele ya Baraza la Ushauri la Mfalme kuhusu madai ya njama ya kumuua Mfalme George III kwa mshale wenye sumu. Yeye mwenyewe hakushtakiwa. Alikusanya visukuku pia, akatunga juu yake vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1804 na 1811, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka 1807.

Lakini kilicholidumisha jina lake ni kile kijitabu. Alieleza mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama, na hatua fupi za haraka zinazomfanya mgonjwa aonekane kana kwamba anakimbia asianguke. Kabla yake, dalili hizo zilitajwa moja moja. Yeye alizifunga pamoja zikawa ugonjwa mmoja.

Asichokuwa nacho ni maiti ya kupasua. Hakupata kuchunguza mwili wa hata mmoja wa wagonjwa hao, hivyo alilazimika kukisia chanzo. Kwa kuwa aliona akili zao zilikuwa timamu, aliamini kuwa ubongo haukuguswa, na kwamba madhara yalikuwa kwenye uti wa mgongo, shingoni, yakipanda hadi shina la ubongo. Kwa sababu hiyo alipendekeza wagonjwa watolewe damu shingoni.

Ajabu ni kwamba dokezo lilikuwa mikononi mwake. Mgonjwa wa sita, mzee wa miaka 72, alipopooza upande mmoja, viungo vilivyopooza viliacha kutetemeka. Nguvu zilipomrudia baada ya wiki mbili hivi, mtetemeko nao ukarejea.

Hata hivyo, Parkinson hakudai kujua. Alikiri kwamba hayo yalikuwa makisio, akawasihi wapasuaji wa maiti walichunguze jambo hilo. Alifariki Desemba 21, 1824, kabla ya jibu kupatikana. Hata picha yake halisi haijulikani. Zinazosambazwa ni za watu wengine wenye jina kama lake.

Miongo kadhaa baadaye, Jean-Martin Charcot wa Paris aliupa ugonjwa huo jina la Parkinson. Mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff, akichunguza bongo za marehemu katika jiji lilo hilo, alibaini kuwa sehemu ndogo nyeusi iliyo katikati ya ubongo ilikuwa imepoteza rangi yake. Seli za hapo, ambazo baadaye ilijulikana kuwa hutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu miondoko ya mwili, zilikuwa zimekufa.

Siku hizi sehemu hiyo huonekana mgonjwa akiwa hai. Mashine za MRI zenye sumaku kali huonyesha ndani yake, kwa mtu mzima wa afya, alama yenye umbo la mkia wa mbayuwayu. Kwa wagonjwa wengi alama hiyo hutoweka. Mbinu nyingine hupima ile rangi nyeusi inavyofifia. Hata hivyo, picha za kawaida za MRI mara nyingi hazionyeshi kasoro yoyote ugonjwa unapoanza, na hutumiwa zaidi kuhakikisha kuwa mgonjwa hana uvimbe wala kiharusi. Ndiyo maana daktari bado humwambia kwanza asimame, atembee hadi mlangoni na kurudi.