Marehemu Paul Bomani: Karani wa Hesabu Aliyewanyanyua Wakulima

Chama Kikuu kinapotimiza miaka kumi, ni wajibu wa wanachama kufurahi, na ni wajibu wao pia kuwakumbuka waliowatangulia. Ushirika wa wakulima katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria haukuota wenyewe kama nyasi za mbugani. Ulipandwa na watu, nao waliupalilia kwa taabu. Miongoni mwao yumo Marehemu Paul Bomani, mzaliwa wa mkoa wetu wa Mara, aliyefariki dunia mwaka 2005. Vijana wengi wa Tarime na Serengeti wamelisikia jina lake kuwa ni jina la waziri au la balozi. Wachache wanajua ya kuwa kabla ya vyeo hivyo alikuwa karani wa hesabu, na ya kuwa ukarani huo ndio uliomfungulia milango mingine yote.

Utoto na Masomo

Paul Bomani alizaliwa tarehe 1 Januari 1925, katika nchi ya Musoma. Asili ya jamaa yake ilikuwa Usukuma, na baba yake, Mzee Lazaro Bomani, alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Mtoto huyo alilelewa katika nyumba ya kazi na kitabu. Alisoma katika shule ya misheni ya Ikizu, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Bunda, jirani kabisa na Serengeti.

Zama zile shule zilikuwa chache, na Mwafrika aliyemaliza masomo ya kati alihesabiwa kuwa amesoma sana. Wengi waliofika hapo walitafuta kiti cha ofisini, wakatulia. Bomani naye alitafuta kazi kama wenzake, ila tofauti yake ilikuwa moja: kila kazi aliyoipata aliifanya kuwa shule nyingine.

Karani wa Mwadui

Kati ya mwaka 1945 na 1947 alifanya kazi Mwadui, katika mgodi wa almasi wa Williamson, akiwa msaidizi katika uandishi wa hesabu. Kazi hiyo haikuwa na sifa kubwa mbele ya watu. Hata hivyo ilimfundisha mambo ambayo mkulima wa wakati ule hakuwa na mahali pa kujifunza: namna ya kuandika kilichoingia na kilichotoka, namna ya kulinganisha daftari na fedha iliyomo sandukuni, na namna ya kuligundua kosa kabla halijawa hasara.

Mwaka 1947 alikwenda Mwanza, akawa mwandishi wa chama cha ushirika cha wafanya biashara wa Kiafrika. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, bidhaa zilikuwa haba, na mwenye duka dogo peke yake hakuwa na sauti mbele ya wauzaji wakubwa wa jumla. Waliponunua pamoja walipata sauti. Hapo Bomani, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, aliona kwa macho yake ya kuwa udhaifu wa watu wengi ukifungwa pamoja hugeuka nguvu, kwa sharti moja: hesabu zao ziwe safi.

Mizani na Haki

Malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa yalikuwa juu ya mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akaubeba mzigo wake kichwani hadi sokoni. Alipofika, mzani ulikuwa wa mnunuzi, aliyeusoma alikuwa mtu wa mnunuzi, na karatasi iliandikwa na mtu huyo huyo. Mkulima asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kubishana. Ratili chache zilizopotea katika kila mzigo zilikuwa ndogo machoni pa mtu mmoja, lakini zikijumlishwa katika masoko yote ya Usukuma na Musoma zilikuwa mali nyingi. Tena pamba safi iliweza kuitwa fifi, na bei ikashuka.

Watu walikuwa na njia mbili za kulipokea jambo hilo. Wengine walilalamika nyumbani, wakisema ndivyo dunia ilivyo. Wengine walitafuta dawa. Wakulima wa upande huu wa pili walianza kuweka mizani yao wenyewe karibu na masoko, wapate kupima pamba kabla ya kumpelekea mnunuzi. Kitendo hicho kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa mkulima sasa alifika sokoni akiwa anajua uzito wa mali yake. Aliyejua uzito hakudanganyika kwa urahisi.

Bomani aliitambua nguvu iliyokuwamo katika mzani ule. Mwaka 1952 alikuwa kiongozi katika kuunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na akazunguka vijijini akieleza faida ya kuwa na vyama vya kununua na kuuza pamba. Njia ilikuwa imekwisha kuonekana kwingineko. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu tangu 1933, kilichoandikishwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, na wenzao wa Bukoba walipata chao mwaka 1950. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwashawishi wakulima wa pamba ya kuwa waliyoyaweza wengine nao wanayaweza. Hii ndiyo kazi ya moyo wa matumaini: kumtoa mtu katika kusema haiwezekani, na kumpeleka katika kuuliza namna itakavyofanyika.

Kusafiri kwa Ajili ya Elimu

Kiongozi aliyekwisha kupata sifa aghalabu huona haya kurudi darasani. Bomani hakuona haya. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, akarejea mwaka 1954. Elimu aliyoifuata huko ilikuwa juu ya kazi ile ile aliyoiacha nyumbani, naye aliporudi aliileta kwa watu wale wale.

Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Viktoria, na Bomani akawa meneja mkuu. Mpango wake ni ule ambao wanachama wetu wanaufahamu: chama cha msingi kijijini kilipokea mazao, chama kikuu kiliviongoza vyama vya msingi, na shirikisho lilifanya yale ambayo chama kimoja hakikuyaweza. Mpaka mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita katika mikono ya ushirika. Wakulima walianza kumiliki hata viwanda vya kuchambulia pamba, kazi ambayo awali ilikuwa mali ya matajiri wachache. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika.

Wakati huo huo alishiriki katika siasa. Alikuwa kiongozi wa chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa, pamoja na watu kama Saadani Kandoro na Bhoke Munanka, Mkurya wa Tarime, ambaye jina lake nalo lastahili heshima katika kurasa hizi. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliyazuia matawi yake katika Usukuma hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo migumu, vyama vya ushirika vilikuwa mahali ambapo watu wa kawaida waliendelea kujifunza kuendesha mikutano, kuchagua viongozi na kutunza mali ya pamoja.

Vyeo na Majaribu

Mwaka 1960 Tanganyika ilipopata serikali ya madaraka, Bomani alikuwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Mwaka 1962 alikabidhiwa Wizara ya Fedha. Karani msaidizi wa Mwadui alikuwa sasa mtunzaji wa hazina ya taifa zima, katika muda wa miaka kumi na mitano tu.

Asidhani mtu ya kuwa njia yake ilikuwa nyoofu siku zote. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965 wapiga kura hawakumrudisha bungeni, ingawa alikuwa waziri. Pigo kama hilo huwavunja wengi, na wengine huwajaza chuki. Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge, na Bomani akaendelea na kazi katika wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa Balozi wa Tanzania nchini Marekani, kisha akarudi nyumbani na kutumika tena katika serikali. Aliyeshindwa mbele ya watu wote aliendelea kulitumikia taifa kwa miaka mingi baadaye. Kushindwa hakuondoi ujuzi alio nao mtu. Mtu mwenyewe ndiye huuacha upotee kwa kukata tamaa.

Jaribu lingine lilikipata chama alichokijenga. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza hali ya ushirika nchini, ikaona upungufu mwingi: wanachama wengi hawakuufahamu ushirika wao wenyewe, watumishi wenye ujuzi na uaminifu walikuwa wachache, na siasa iliingia kwa wepesi katika mambo ya chama. Shirikisho la Viktoria halikudumu baada ya hapo. Nafasi yake ilichukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982.

Fundisho kwa Wanachama

Hapa ndipo penye fundisho la maisha yake kwetu. Mtu mmoja alijifunza hesabu, akaitumia kwa manufaa ya maelfu, na chama kikakua kwa mwendo wa ajabu. Lakini ujuzi wa kiongozi hauwezi kukaa mahali pa ujuzi wa wanachama. Chama kilikua upesi kuliko elimu ya wenye chama, na pengo hilo ndimo matatizo yalimopita.

Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Tarime, na mkulima wa pamba au tumbaku wa Serengeti, asidhani ya kuwa kujiendeleza ni kazi ya meneja na mwenyekiti peke yao. Asome stakabadhi yake kabla ya kuikunja. Autazame mzani mzigo wake unapopimwa. Ahudhurie mkutano mkuu, asikilize taarifa ya hesabu, na aulize asipoelewa, kwa adabu na bila woga. Awapeleke shule wanawe, wavulana kwa wasichana, na yule aliye hodari wa hesabu asimwone kuwa amepotea akichagua kurudi kukitumikia chama cha kijijini.

Kijana aliyesoma na kupata kazi ndogo asiidharau. Kazi ya Bomani ilianza kwa kuandika tarakimu za watu wengine, naye aliziandika kwa uangalifu hadi siku wakulima walipohitaji mtu wa kuwaandikia zao. Miaka kumi ya Chama Kikuu ni umri mdogo. Ikiwa kila mwanachama ataongeza ujuzi wake walau kidogo kila msimu, basi watakaoandika kitabu cha miaka hamsini watakuwa na habari njema za kuandika.